Askari wa Damu ya Siwatu

Siku ya kumi na tisa tangu ajifungue, Siwatu alimwambia bibi yake, "Leo usinikande, Bibi. Naumia."

Bi Zafarani akacheka. Sufuria ya maji ilikwisha chemka, majani ya mwarobaini yanazunguka juu yake, na taulo la kukandia lilikuwa begani. Katika visiwa vyote vya delta hajapata kutokea mzazi aliyeyapenda maji ya moto.

"Nani haumii, mke mwenzangu? Mama yangu aliponikanda mimi, nilimtukana mpaka majirani wakaja kuchungulia. Akaniambia, tukana tu, kiuno chako kitanishukuru. Haya, geuka."

Siwatu akageuka. Hakuwa mbishi tangu utoto wake. Kando yake mtoto alilala chali, bangili laini mkononi, na kwenye bangili ile vitone kumi na nane vya kijani vikiwaka, cha kumi na tisa kikipepesa, kikingoja mtoto ashibe maziwa ya leo. Vitone arobaini vikishawaka vyote, askari wa damu ya mama, walinzi waliotiwa kwa sindano enzi za bibi, wanakuwa wamehamia kwa mtoto, na homa ya mbu haimgusi tena maisha yake yote. Mtoto alipewa jina la Zafarani, kwa hiyo bibi alimwita somo.

Bi Zafarani akachovya taulo, akalikamua, akalibandika kiunoni mwa mjukuu wake na kubonyeza kwa vidole vyote kumi, kama alivyofanya asubuhi na alasiri tangu siku ya kwanza.

Siwatu akapiga yowe. Halikuwa yowe la mzazi anayedeka.

Bi Zafarani akaliacha taulo, akaenda kusukuma dirisha. Chumba cha uzazi hufungwa ili upepo usimwingie mzazi, na macho yake yalikuwa ya mwanamke wa miaka sitini na minne. Sasa mwanga ukaingia. Mgongo wa binti ulikuwa umejaa mabaka ya rangi ya zambarau, mengine mabichi, mengine yameanza kuwa manjano pembeni. Paja la kushoto lilikuwa limeumuka kama donge lenye hamira. Na khanga aliyolalia ilikuwa nyekundu, wakati damu ya uzazi ilikwisha kukatika wiki iliyopita.

"Ulianguka?"

"Sijaanguka."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Bibi. Ukaniambia kila mzazi huumia."

*

Zahanati ilisimama juu ya nguzo, kama nyumba zote za delta tangu bahari ilipoingia. Daktari Makungu alikuwa mtu mrefu, mwenye soksi zisizofanana. Kabla hajamtazama mgonjwa alimvutia Bi Zafarani kiti, akakifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niache mimi. Mwangalie huyu."

Akamwangalia. Akapitisha kioo cha kupimia juu ya mgongo bila kumgusa, kisha akakigeuza kioo kwake, Siwatu asikione. Bi Zafarani akaliona hilo, akaogopa; daktari hafichi habari njema.

Daktari alimwita bibi pembeni, karibu na mtungi wa maji.

"Bibi, nitakuuliza neno, usiudhike. Nani anampiga huyu binti?"

"Anampiga?" Bi Zafarani alihisi masikio yakiwaka moto. "Mumewe Kimbau yuko kwenye ukuta wa bahari, mwezi wa pili huu, anapanga mawe. Nyumbani tupo mimi, yeye na mtoto. Nani ampige? Somo yangu?"

"Mashine inasema ni alama za vidole. Kumi. Zimejipanga vilevile, mara mbili kwa siku, kwa siku kumi na tisa."

Bi Zafarani akaitazama mikono yake. Ilikuwa bado na harufu ya mwarobaini. Akaificha mikono ndani ya khanga, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Daktari akamjazia kikombe cha maji. "Kunywa, bibi. Umekanda watu wangapi maishani?"

"Wazazi wote wa kisiwa chetu."

"Na hakuna aliyepata baka hata moja. Mikono yako haina kosa. Kosa liko ndani ya damu yake, na mkono ndio umelionyesha. Kuanzia sasa asikandwe, asichuliwe, asichomwe sindano ya nyama. Na ule uvimbe wa paja, mtu yeyote akikwambia upasuliwe utoe damu chafu, mfukuze."

Alimtoa Siwatu damu kwa sindano nyembamba kama unywele, kisha akakaa akibonyeza pamba pale ilipochoma. Akabonyeza dakika ishirini nzima. Alikuja mtu kumwita mara mbili, naye akajibu, "Nakuja," asiinuke. Bi Zafarani alilihifadhi jambo hilo moyoni, maana katika shida mtu huhitaji mahali pa kushika.

Damu ya Siwatu ilikataa kuganda kwenye kichupa.

"Sasa kuna mambo mawili," daktari alisema. "Labda amepungukiwa na kitu cha kugandisha. Au anacho, ila kuna kinachokiharibu. Nikichanganya maji ya damu yake na ya mtu mzima wa afya, tutajua. Kama ni upungufu, damu nzima itamfidia na mchanganyiko utaganda."

"Chukua yangu," Bi Zafarani akasema, akiwa amekwisha kunja mkono wa gauni.

Wakachanganya nusu kwa nusu. Bi Zafarani alisimama juu ya kichupa kama anayengoja maziwa yasifurike. Baada ya muda mfupi yale maji ya manjano yakatulia, yakashikana, yakawa kama uji wa muhogo.

"Imeganda!" Akapiga vigelegele, mpaka mwanamke wa kitanda cha jirani akainuka kitandani akamjibu kwa vigelegele vyake, bila kujua wanasherehekea nini. "Imeganda, mwanangu! Nitoe yote, mimi ya nini?"

"Subiri, bibi." Daktari hakutabasamu. Alitia mchanganyiko mwingine kwenye kisanduku chenye joto la mwili. "Kuna adui ambaye hafanyi kazi haraka. Tumpe saa mbili."

Zilikuwa saa mbili ndefu. Mwanamke wa kitanda cha jirani aligawa uji wake mara mbili, akamnywesha Siwatu kwa kijiko. Saa zilipotimia, daktari akatoa kichupa, akakiinamisha.

Maji ya manjano yakateleza upande mmoja. Akakiinamisha tena. Yakateleza upande wa pili, mepesi, kama maji ya mvua kwenye jani la mgomba.

"Imekula na yangu," Bi Zafarani alisema polepole.

"Imekula na yako."

*

Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda ili Siwatu asimtazame kwa kuinua shingo. Sasa kioo kilikuwa kimewageukia wote.

"Damu ikitaka kuganda," alianza, "ni kama watu waliojipanga mstari kuzima moto. Wa kwanza anampa wa pili ndoo, wa pili anampa wa tatu, mpaka maji yafike. Askari wako, Siwatu, wamemvamia mtu wa nane. Ndoo ikifika kwake inaanguka. Kwa hiyo pakivuja mahali, hapazibiki."

"Askari wangu?" Siwatu alikuwa mweupe midomoni. "Si ndio wanaotulinda?"

"Walifundishwa kumtambua mdudu wa homa. Mimba hubadilisha mambo mengi mwilini, na mara chache sana, mara chache mno, askari huchanganyikiwa. Wameona namba nane wakadhani ni adui."

"Waambieni si adui," Bi Zafarani alisema.

"Hawaambiki, bibi. Wanalazwa tu." Akatoa vichupa viwili vidogo vilivyoletwa na droni kutoka mjini. "Hii ni dawa ya mchepuko. Inapeleka ndoo kwa kupita nyuma ya namba nane. Kila kichupa kinamsaidia kwa saa chache, na vilivyopatikana ni hivi viwili. Vinatununulia muda. Kitakachomponya ni dawa ya kuwalaza askari. Nikimpa, watakufa wote, na mwili utatengeneza namba nane upya, bila kuingiliwa."

"Basi mpe. Unangoja nini?"

Daktari akamtazama mtoto. Siwatu alikwisha elewa kabla yake.

"Dawa inaingia kwenye maziwa," Siwatu akasema.

"Inaingia."

"Na nikimwachisha?"

"Askari wa mtoto bado wachanga. Wasiponyonyeshwa hadi siku ya arobaini wanazimika wenyewe. Mama mwingine hawezi kumnyonyesha kwa niaba yako. Askari hawapokei maziwa ya ukoo mwingine."

"Achomwe wapya, kama Bibi alivyochomwa."

"Kiwanda kilifungwa kabla hujazaliwa. Walisema hakuna haja tena, kina mama wanarithishana." Daktari alilisema hilo kwa aibu, kana kwamba alikifunga yeye. "Mtoto atakuwa wa kwanza delta nzima kukua bila askari. Na mbu wapo. Homa haikufa, bibi, wewe unajua. Ilitolewa nje tu ikafungiwa mlango."

Siwatu akamvuta mtoto kifuani. Mkono ulipogusa ukingo wa kitanda, baka jipya likaanza kuchanua hapo hapo, wanaliona.

"Zimebaki siku ishirini na moja," alisema. "Nitavumilia."

"Huna siku ishirini na moja, dada yangu. Kwa damu inavyokutoka, huna mbili."

"Nitavumilia." Akainua mkono wenye bangili yake mwenyewe, akaisemea kama sheria inavyotaka. "Mimi Siwatu binti Mtulia sitaki dawa ya kulaza askari mpaka mwanangu atimize arobaini." Bangili ikalia mara moja, neno limeandikwa. Kisha akamgeukia bibi yake. "Na wewe, Bibi, usinisainie. Najua wewe ndiye mzizi."

Maana sheria ya askari ilikuwa hivyo. Mwanamke wa kwanza wa ukoo kuchomwa sindano aliitwa mzizi. Mgonjwa akipoteza fahamu, kiganja cha mzizi ndicho pekee chenye nguvu ya kufuta neno lake, kwa kuwa askari ni wa ukoo, si wa mtu mmoja.

"Niahidi."

Bi Zafarani hakupata kumnyima mjukuu huyu kitu. Mama yake Siwatu alichukuliwa na maji mwaka wa mafuriko makubwa, na tangu siku ile alimlea binti akijiambia, huyu hatalia kwa sababu yangu.

"Nakuahidi, mke mwenzangu," alisema. "Nyonyesha."

*

Kichupa cha kwanza kilitumika adhuhuri, cha pili kesho yake asubuhi. Kila kilipoingia, damu ilikatika kwa muda, Siwatu akaomba chai, akatania kwamba bibi anakoroma kuliko boti. Kisha khanga ikalowa tena. Kitone cha ishirini kiliwaka kwenye bangili ya mtoto, na Siwatu akakishangilia kwa sauti isiyofika hata mlangoni.

Jua lilipokuwa utosini, kichwa kilimuuma ghafla. Akamwita bibi yake kwa jina la mama yake aliyekufa. Halafu hakuita tena.

Daktari alikuja mbio kwa zile soksi zake, bila viatu. Akafunua kope za Siwatu, akamulika.

"Anaanza kuvuja kichwani." Akaleta kibao cha kioo cha kupokea kiganja, akakiweka mezani, si mikononi mwa Bi Zafarani. "Sikulazimishi, bibi. Neno lake lipo. Ukiliacha lisimame, nitakaa naye mpaka mwisho, hatakuwa peke yake. Ukilifuta, dawa ninayo mfukoni. Lakini chelewa kidogo tu, na hata dawa haitasaidia."

Bi Zafarani akamtazama mtoto. Alikuwa amelala, mdomo bado unavuta ziwa la ndotoni.

Hakuna mtu mwingine kwenye zahanati ile aliyekwisha iona homa. Daktari aliisoma vitabuni. Bi Zafarani aliwahi kuishika mikononi. Alikuwa na miaka ishirini, na mtoto wake wa kwanza, Mbaraka, alikuwa na miezi kumi na moja, amejifunza kupiga makofi. Jioni alipata joto. Asubuhi alitetemeka kama jani. Siku ya pili mgongo ukapinda, macho yakaenda juu, na ile mikono iliyojua kupiga makofi ikakakamaa. Sindano ya askari ilifika kisiwani wiki saba baada ya kumzika. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alinyoosha mkono akilia, na wauguzi wakadhani anaogopa sindano.

Hicho ndicho alichokuwa anaombwa amrudishie somo yake.

Akimwacha Siwatu afe, mtoto hata hivyo hatanyonya tena. Aliliona hilo, likampa njia ya kujitetea: kwamba hapakuwa na la kuchagua. Lakini Bi Zafarani hakuwa mtu wa kujidanganya. Kichanga kingewekwa kwenye ziwa mpaka pumzi ya mwisho, labda kitone kimoja zaidi, labda viwili, na Siwatu angeondoka akiamini bibi yake ni mtu wa kutimiza ahadi. Binti alikuwa na akili zake timamu aliposema. Alikuwa mama. Yeye Zafarani angekuwa na miaka ishirini na mbili, angesema vilevile.

"Nilimwahidi," alimwambia daktari.

"Nilisikia."

"Yeye anamlilia mwanawe. Na mimi je, huyu si mwanangu?"

Daktari akamshika kiwiko.

Mikono yake ilitoka ndani ya khanga, ilikokuwa imefichwa tena. Akaitandaza ile ya kulia juu ya kioo, vidole vyote vitano, akabonyeza.

*

Siku ya nne baada ya dawa damu ikakatika. Siku ya sita mabaka yakaanza kuwa manjano. Daktari alikuja kuchanganya tena vichupa, damu ya Siwatu na ya bibi yake, akaviacha kwenye joto saa mbili, na safari hii vilipoinamishwa havikumwagika. Alimpa Bi Zafarani kichupa kile akishike. Bibi hakupiga vigelegele.

Siwatu alikuwa hai, na hakumsemesha. Alipoamka aliutafuta kwanza mkono wa mtoto. Vitone kumi na viwili. Kesho yake tisa. Vilizimika kimoja kimoja, bila kelele, na kila kilipozimika aligeukia ukutani. Mtoto alikunywa maziwa ya kopo kutoka kwa mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye alikwisha ruhusiwa kurudi kwake lakini kila asubuhi alipata sababu ya kupita.

"Ulinikanda siku kumi na tisa," Siwatu alisema siku ya saba, akiutazama ukuta. "Sikukulaumu hata mara moja. Hili moja ndilo nilikuomba."

"Ndilo."

"Ukaniahidi."

"Nikakuahidi, nikavunja. Nichukie, mke mwenzangu. Mtu hai ndiye anayeweza kuchukia."

Siku ile kitone cha mwisho kilizimika kabla ya chakula cha mchana. Bi Zafarani akaivua bangili ile mkononi mwa somo yake, akaiweka chini ya mto. Kisha akaenda nyumbani, akafungua kasha ambalo Siwatu hakuwahi kuliona likifunguliwa, akarudi na furushi jeupe linalonuka karafuu. Akakaa dirishani, akalitandaza mapajani, akatia uzi kwenye sindano baada ya kukosea mara nne.

Siwatu aligeuka kutoka ukutani, akamtazama. Ubishi hakuwa nao, lakini udadisi alikuwa nao.

"Nini hicho? Wavu wa samaki?"

"Chandarua. Watu walikuwa wanalala ndani yake, unachomeka pindo chini ya godoro pande zote. Kazi ya kila siku, jua halijazama. Nitakufundisha."

"Kina tundu."

"Kinalo." Bi Zafarani aliinua kidole akakipitisha, kikatokea upande wa pili. "La ukubwa huu. Nililiona Jumatatu, nikasema nitalishona Ijumaa. Ndimo alimolala mjomba wako Mbaraka."

Siwatu hakuwahi kusikia jina hilo. Alijivuta polepole, akateremsha miguu, akanyoosha mkono kuitaka sindano.

"Acha!" Bi Zafarani akairudisha nyuma. "Sindano bado huruhusiwi. Ukijichoma tu, tunarudi kulekule."

"Nishike nini, sasa?"

"Shika kitambaa. Kivute kisikunjane."

Siwatu akakivuta. Bi Zafarani akashona, kushona kwa zamani, mshono juu ya mshono, vidole vyake vikipita karibu na vya mjukuu wake bila kuvigusa.

"Bado sijakusamehe, Bibi."

"Najua. Vuta hapo, pamelegea."

Walipomaliza walikining'iniza juu ya kitanda cha mtoto, kwa msumari wa chupa ya maji ya mishipa, na Bi Zafarani akaonyesha namna ya kuchomeka, na Siwatu akarudia pande zote nne. Ilikuwa alasiri. Mbu mmoja akaingia dirishani, akatua juu ya chandarua kwa nje, akaanza kutembea, akitafuta.

Wanawake wawili walisimama, wakamfuata kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye mshono.